Kuongea na jenereta: send, throw na close katika Python, hatua kwa hatua

Wengi wetu tulijifunza yield siku moja, lile neno linaloigeuza funksheni kuwa jenereta inayotoa thamani moja moja, tukafurahi kuona faili kubwa inasomeka mstari mmoja mmoja bila kujaza kumbukumbu, kisha tukaishia hapo. Jenereta inatoa, mlaji (msimbo unaoitumia) anapokea, basi. Na ndivyo ilivyokuwa kweli jenereta zilipoingia katika Python 2.2 mwaka 2001. Lakini mwaka 2005 Guido van Rossum na Phillip J. Eby waliandika PEP 342 (PEP ni pendekezo rasmi la kubadilisha Python), na Python 2.5 ilipotoka mwaka 2006 mlaji alipata njia ya kujibu: anaweza kutuma thamani ndani, kurusha hitilafu ndani, au kuiamuru jenereta ifunge kazi.

Njia hiyo ya kurudi ndiyo inayowachanganya watu. Miito yenyewe ni mitatu tu na haina ugumu. Kinachosumbua ni kwamba send inafanya kazi mbili kwa mpigo mmoja: inaingiza thamani yako, halafu inakutolea thamani inayofuata. Ukisahau hiyo kazi ya pili, data itapotea bila kelele yoyote. Nitairudia hoja hii mara kadhaa, maana karibu kila kasoro niliyowahi kuikuta kwenye jenereta za aina hii ilitokea hapo.

Fungua Python 3 kwenye kompyuta yako, uandike mifano hii kwa mkono.

Hatua ya 1: jifunze kuukata mstari wa yield vipande viwili

Anza na jenereta isiyo na kazi yoyote ya maana, inayosema tu inachofanya:

```python
def mlinzi():
    print("A: nimeamka")
    x = yield "neno la kwanza"
    print("B: nimepokea", x)
    y = yield "neno la pili"
    print("C: nimepokea", y)
```

Sasa iite:

```
>>> g = mlinzi()
>>> g.send("habari")
TypeError: can't send non-None value to a just-started generator
```

Hata "A" haijachapishwa. Kuita mlinzi() hakuendeshi mstari hata mmoja wa ndani. Kunakupa tu jenereta iliyolala mlangoni. Ukituma ujumbe wakati huo, hakuna yield inayosubiri kuupokea, ndiyo maana Python inakataa. Habari njema ni kwamba kosa hilo haliiharibu jenereta. Endelea na ileile:

```
>>> next(g)
A: nimeamka
'neno la kwanza'
>>> g.send("habari")
B: nimepokea habari
'neno la pili'
>>> g.send("kwaheri")
C: nimepokea kwaheri
StopIteration
```

Tazama mstari wa `x = yield "neno la kwanza"`. Kwa macho ni mstari mmoja, ila unaendeshwa kwa nyakati mbili. Upande wa kulia unafanya kazi wakati wa next(g): neno linatoka, jenereta inalala. Upande wa kushoto, yaani kuiweka thamani kwenye x, unasubiri mwito unaofuata. Kati ya nusu hizo mbili mlaji anaweza kufanya lolote, hata kukaa saa nzima.

Hesabu pia: yield ni mbili, miito ni mitatu. Mwito wa kwanza hauna pa kuweka ujumbe, na mwito wa mwisho hauna cha kupokea isipokuwa StopIteration, hitilafu inayotangaza kwamba jenereta imekwisha. Ukiona hesabu za programu yako zimepishana kwa moja, anza kukagua hapo.

Na kitu kimoja cha kukariri: next(g) ni sawa kabisa na g.send(None).

Hatua ya 2: jenereta inayojibu

Mfano unaofaa zaidi ni wastani unaojisasisha kila namba inapoingia:

```python
def wastani():
    jumla = 0
    idadi = 0
    jibu = None
    while True:
        thamani = yield jibu
        jumla += thamani
        idadi += 1
        jibu = jumla / idadi
```

```
>>> w = wastani()
>>> next(w)
>>> w.send(10)
10.0
>>> w.send(20)
15.0
>>> w.send(60)
30.0
```

Hapa send inapendeza, kwa sababu ile kazi yake ya pili ndiyo unayoitaka. Unatuma 60, kitanzi kinazunguka hadi kukutana tena na yield, na kinachotoka ni jibu la ulichotuma. Jumla na idadi zinaishi ndani ya funksheni kama vigeu vya kawaida. Hakuna klasi, hakuna self.

Ule next(w) wa mwanzo, wa kuiwasha jenereta, unasahaulika kirahisi. Wengine huuficha ndani ya dekoreta, yaani funksheni inayoifunika nyingine:

```python
from functools import wraps

def washa(f):
    @wraps(f)
    def ndani(*args, **kwargs):
        g = f(*args, **kwargs)
        next(g)
        return g
    return ndani
```

Mimi naitumia kwa jenereta ambazo kazi yao ni kupokea tu. Usiipachike kila mahali, maana inameza thamani ya kwanza inayotolewa. Isitoshe, ukiipitisha jenereta iliyokwisha kuwashwa kwenye yield from (tutaifikia), itawashwa mara ya pili kwa None, na wastani wetu utajaribu kujumlisha None na kuanguka.

Hatua ya 3: mtego wa for

Sasa tuje penye maumivu. Niliwahi kuandika jenereta ya kusoma rekodi ambapo mlaji, akipata rekodi iliyoshindikana, aliiambia jenereta iirudie. Majaribio yalipita. Rekodi nzuri zote zilifika. Zile za kurudiwa, hata moja haikuonekana tena, na hakuna hitilafu iliyotokea. Mchana mzima nilikuwa nikikagua hifadhidata isiyo na kosa lolote.

Ugonjwa wenyewe ukiupunguza unakuwa hivi:

```python
def kaunta(mwisho):
    n = 0
    while n < mwisho:
        ruka = yield n
        if ruka is not None:
            n = ruka
        else:
            n += 1

g = kaunta(10)
for n in g:
    print(n)
    if n == 3:
        g.send(7)
```

Unategemea 0 1 2 3 7 8 9. Unapata 0 1 2 3 8 9.

Iko wapi 7? Ilitoka, tena vizuri kabisa, ila ilitokea mkononi mwa send. Jenereta ilipokea agizo, ikaruka hadi 7, ikafika kwenye yield, ikaitoa 7 kama thamani inayorudishwa na g.send(7). Mstari ule haukuiweka popote. Kisha for ikaja kuomba inayofuata, ikapewa 8. Jenereta moja imekuwa na walaji wawili, for na send, na kila mmoja anachukua zamu yake bila kumjulisha mwenzake.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kuachana na for na kuendesha kila kitu kwa send:

```python
g = kaunta(10)
agizo = None
while True:
    try:
        n = g.send(agizo)
    except StopIteration:
        break
    print(n)
    agizo = 7 if n == 3 else None
```

Mzunguko wa kwanza unatuma None, kwa hiyo huhitaji kuiwasha jenereta kando. Mlaji ni mmoja, mlango ni mmoja. Zingatia pia kwamba try imeuzunguka mstari mmoja tu. Ukiikumbatisha kitanzi kizima, StopIteration ya kitu kingine chochote kilichomo ndani itaonekana kama mwisho wa jenereta yako, na programu itanyamaza mapema.

Dawa ya pili ni jenereta kutoa risiti kwa kila ujumbe inaoupokea:

```python
        if ruka is not None:
            n = ruka
            yield
        else:
            n += 1
```

Yield tupu inaipa send kitu cha kuchukua, yaani None. Halafu for inakuja, jenereta inaendelea, na 7 inamfikia anayestahili. Naipenda dawa hii pale ambapo walaji ni watu wengine ambao wataandika for tu, hata uwaambie nini. Ina faida nyingine isiyoonekana haraka. Katika msimbo wa mwanzo, jaribu g.send(99) badala ya 7. Jenereta inaisha palepale ndani ya send, na StopIteration inatokea katikati ya mwili wa for, ambako for haiikamati, kwa kuwa yenyewe hukamata ile inayotokana na ombi lake tu. Programu inaanguka. Na kama for hiyo imo ndani ya jenereta nyingine, tangu Python 3.7 StopIteration hiyo inageuzwa kuwa RuntimeError, hivyo ujumbe utakaouona hauelekezi moja kwa moja kwenye chanzo. Ukiwa na risiti, send inarudi salama na for inamaliza kwa utaratibu wake.

Bado kuna swali la None. Jenereta haina njia ya kutofautisha mlaji aliyetuma None kwa makusudi na for iliyopita tu kuomba inayofuata. Kama ujumbe wako unaweza kuwa None, tengeneza alama yako mwenyewe, mfano `MWISHO = object()`, na uilinganishe kwa `is`.

Hatua ya 4: kurusha hitilafu ndani

Wakati mwingine ulicho nacho ni dharura, si thamani. g.throw(hitilafu) inaiamsha jenereta, ila yield ilipolala inalipuka kwa hitilafu hiyo, kana kwamba ilizaliwa hapo. Jenereta inaweza kuikamata na kuendelea:

```python
class AnzaUpya(Exception):
    pass

def wastani():
    jumla = idadi = 0
    jibu = None
    while True:
        try:
            thamani = yield jibu
        except AnzaUpya:
            jumla = idadi = 0
            jibu = None
            continue
        jumla += thamani
        idadi += 1
        jibu = jumla / idadi
```

Ukiita w.throw(AnzaUpya()), hesabu inarudi sifuri, na ukituma 4 baadaye unapata 4.0. Kama send, throw nayo inarudisha thamani ya yield inayofuata. Hapa ni None, hivyo hatupotezi kitu. Kwingine mtego ni uleule wa hatua ya 3.

Itupie hitilafu iliyokwisha kuundwa, kama nilivyofanya kwa mabano. Namna ya zamani ya kupitisha hoja tatu, yaani aina, thamani na ufuatiliaji (traceback), inatolewa onyo la kuachwa tangu Python 3.12. Na usiirushie jenereta isiyowashwa: hitilafu itatokea kabla ya mstari wa kwanza, try yako iliyo ndani haitaiona, na jenereta itakuwa imekwisha.

Huenda umekuwa ukitumia throw bila kujua. Funksheni yenye `@contextmanager` kutoka contextlib ni jenereta yenye yield moja. Mwili wa with ukianguka, contextlib huichukua hitilafu na kuirusha kwenye ile yield. Ndiyo sababu usafi unaotaka kuufanya lazima uwe ndani ya finally. Ukiuandika chini ya yield bila try, siku ya hitilafu hautafikiwa.

Hatua ya 5: kufunga

g.close() inarusha hitilafu maalumu, GeneratorExit, pale jenereta ilipolala. Jenereta ikiiacha ipite, au ikimaliza kazi, close inarudi kimya. Ikithubutu kutoa thamani nyingine, unapata `RuntimeError: generator ignored GeneratorExit`.

GeneratorExit haitokani na Exception bali na BaseException, kwa hiyo `except Exception:` ndani ya kitanzi haiigusi. `except:` tupu, ile ya kukamata kila kitu, ndiyo inayoimeza na kurudi kwenye yield. Ukiona ujumbe huo wa RuntimeError, tafuta except tupu kabla ya jambo jingine.

Tangu Python 3.13, jenereta ikiikamata GeneratorExit na kufanya return, thamani hiyo inarudishwa na close:

```python
        except GeneratorExit:
            return jibu
```

Ongeza mistari hiyo kwenye wastani hapo juu, na w.close() itakupa wastani wa mwisho. Kwenye matoleo ya nyuma utapata None, kwa hiyo usiitegemee kama msimbo wako unaendeshwa pia huko.

Kuna jambo ambalo watu hulidhania vibaya: break ndani ya for haifungi jenereta. Katika CPython, ile Python ya kawaida, kama hakuna kigeu kinachoishika, itafutwa mara moja na finally yake itafanya kazi, hivyo inaonekana kama break ndiyo iliyofunga. Ukiwa umeihifadhi kwenye g, inabaki imelala na faili lake liko wazi. Tumia `contextlib.closing(g)` ndani ya with. Na jenereta ambayo haijawashwa ukiifunga, finally yake haiendeshwi, kwa kuwa mwili haukuanza.

Hatua ya 6: kupitisha mazungumzo kwa jenereta ya ndani

Mazungumzo yakirefuka utataka kuyagawa. Hapo ndipo inapoingia yield from, iliyopendekezwa na Gregory Ewing katika PEP 380 na kutoka na Python 3.3 mwaka 2012.

```python
MWISHO = object()

def kundi():
    jumla = 0
    while True:
        x = yield
        if x is MWISHO:
            return jumla
        jumla += x

def meneja(majibu):
    while True:
        jumla = yield from kundi()
        majibu.append(jumla)
```

```
>>> majibu = []
>>> m = meneja(majibu)
>>> next(m)
>>> m.send(5)
>>> m.send(7)
>>> m.send(MWISHO)
>>> majibu
[12]
```

Meneja hagusi 5 wala 7. Mlaji anamtumia meneja, lakini ujumbe unafika moja kwa moja kwa kundi, na throw na close hupita njia hiyohiyo. Return ya kundi inakuwa thamani ya usemi wa yield from. Kiufundi inasafiri ndani ya StopIteration, kwenye sifa yake ya value.

Utamwona mtu akiandika `for v in kundi(): yield v` akisema ni kitu kilekile. Kwa thamani zinazotoka, ni kweli. Zinazoingia zinaishia kwenye yield ya nje, hakuna anayezichukua, na kundi linapokea None kila mara.

Hapa pia ndipo asyncio, maktaba ya Python ya kuendesha kazi nyingi zinazosubiri, ilipopata mguu wa kusimamia: Python 3.4 ya mwaka 2014 iliijenga juu ya jenereta na yield from, na mwaka uliofuata Python 3.5 ikaleta async na await. Ukitengeneza korutini ya async leo (korutini ni funksheni inayoweza kusimama katikati na kuendelea baadaye) na kuikagua, utakuta bado ina send, throw na close. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko Python. Melvin Conway alichapisha makala yake kuhusu korutini mwaka 1963.

Ukikwama

Usibahatishe jenereta iko wapi, iulize:

```
>>> from inspect import getgeneratorstate
>>> getgeneratorstate(w)
'GEN_SUSPENDED'
```

GEN_CREATED ina maana hukuiwasha. GEN_SUSPENDED, imelala kwenye yield. GEN_CLOSED, imekwisha, na send yoyote itakupa StopIteration. Ukikutana na `ValueError: generator already executing`, jenereta imeitwa wakati bado inafanya kazi, mara nyingi kwa sababu nyuzi mbili (threads) zinaigombania; weka kufuli (lock) au umpe kila mmoja jenereta yake.

Mimi binafsi, mlaji akianza kutuma aina tatu au nne tofauti za ujumbe, naivunja jenereta na kuandika klasi yenye methodi zilizo na majina. `w.anza_upya()` inasomeka na mtu yeyote. Yield inayopokea namba, alama na jozi kwa zamu inasomeka na aliyeiandika tu, tena kwa wiki moja.

Kwa wanaoandika JavaScript pia: jenereta zilizokuja na ES2015 (toleo la lugha hiyo la mwaka 2015) zinafanana na hizi, ila zina tofauti mbili za kuumiza. Hakuna send, unapitisha thamani kwa next(thamani), na ile ya next ya kwanza kabisa inatupwa bila kosa lolote, wakati Python ingekupigia kelele. Na break ndani ya for...of huifunga jenereta papo hapo kwa kuita return(). Ukizoea hilo kisha urudi kwenye Python, ndipo unapoacha mafaili wazi.